Seli Zilizonyamaza

Jumatatu, 3 Machi
Sielewi. Seramu ya farasi, yale majimaji ya damu tunayolishia seli, imefika leo, baada ya miezi minne ya "wiki ijayo, wiki ijayo". Nikasema ngoja nizibadilishie chakula sahani sita zilizobaki. Seli zile zile za ubongo wa panya. Nikaweka spemini, ile poliamini anayoichunguza wifi yangu, kwa kipimo chake kile kile. Kwake, ukiiweka tu, seli zinapunguza kumwagiana zile kemikali za kupashana habari. Ndiyo sura ya mwisho ya tasnifu yake hiyo, anayoitetea Ijumaa: poliamini ni breki ya ubongo.
Leo breki haikushika! Sahani mbili zimemwaga zaidi kuliko kawaida. Nne hazikubadilika.
Nikarudia kupima. Vile vile. Labda ni mkono wangu, nimeamka na kichwa kizito.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza fundi wa maabara ya jirani, yule tunayemwita Mzee Glavu kwa sababu nusura anywe chai nazo. Akataka kujua miezi hiyo minne nilitumia nini. Ya ndama, nikasema, stoo hapakuwa na nyingine. Akaacha kutafuna andazi lake. Eti seramu ya ndama ina kimeng'enya kinachoigeuza spemini kuwa sumu. Eti kila anayegusa poliamini anajua.
Kila mtu! Mimi sikujua. Mimi nalisha seli, nafunga mlango wa friji, naenda nyumbani.
Sasa seli za wifi zilinyamaza kwa kutulia, au kwa kufa? Akasema kwenye mashine yetu huwezi kutofautisha. Zote zinanyamaza.
Naogopa. Acha niseme wazi, naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kapiga simu mara tatu. Ndugu watakaokuja kumshangilia daktari wetu wameshafika ishirini na mbili, na mimi nivae kitu cha heshima. Kwamba huyo daktari nilimfundisha mimi kushika pipeti, hilo halina wa kulitaja. Haya.
Nimemwambia mume wangu. Wifi ni mdogo wake, atafanyaje? Akasema watu watasema nimeona wivu. Watu gani, nikamwuliza, sema nyumbani kwenu. Akacheka, halafu akaacha. Una uhakika lakini? akauliza.
Sina! Hilo ndilo linaloniua. Sahani sita si ushahidi. Huenda breki ipo kweli na ndama ameichafua tu. Nimesoma makala tatu. Moja inasema poliamini zinapunguza, ya pili zinaongeza, ya tatu inasema inategemea seli gani na kiasi gani. Asanteni sana.

Alhamisi, 6 Machi
Nilimvizia wifi kwenye mashine ya fotokopi. Nikaanza: wifi, kuna jambo kuhusu seramu. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hajalala siku tatu. Akasema wifi yangu, chochote kile, niambie baada ya Ijumaa.
Chochote kile — kwa hiyo anajua? Au ni uchovu tu? Badala ya kusema nikamsaidia kubana karatasi. Mpumbavu mimi.
Halafu nikafungua daftari la maabara. Miezi yote minne, juu ya kila ukurasa: seramu ya farasi. Mwandiko wangu! Kila asubuhi nilinakili kichwa cha ukurasa wa jana, bila kufikiri. Chupa za ndama zilishatupwa zamani. Hakuna anayejua ila mimi, mume wangu na Mzee Glavu. Na wifi, labda.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika kwenye ngazi, nje ya ukumbi.
Wifi alianza vizuri mno. Mama mkwe mstari wa mbele, anapigia makofi hata grafu. Kisha mtahini kutoka nje, mama mmoja mpole, akauliza seli za sura ya mwisho zililelewa kwa seramu ya mnyama gani. Aliuliza huku anafuta miwani. Wifi akajibu, ya farasi. Halafu akanitafuta kwa macho mpaka nyuma kabisa.
"Si ndiyo, wifi?"
Ukumbi mzima ukageuka. Nikafungua mdomo, yakatoka: naomba nikalete daftari.
Wamenipa dakika kumi. Nimeshalileta, liko mapajani, linasema farasi, farasi, farasi. Nikiingia nalo tu, yamekwisha, hata kusema uongo sihitaji. Nilimtazama usoni aliponigeukia na bado sijui alikuwa ananiuliza au ananiomba.
Mlango umefunguliwa. Ni yeye. Anashuka. Amekaa ngazi hii hii. Amelichukua daftari, anafunua kurasa polepole, kidole kimesimama juu ya neno farasi. Sasa anataka kalamu ninayoandikia. Ya nini? Farasi imeshaandikwa! Amerudia kuomba, mkono bado ameunyoosha —