Jajja Afande, Hii Kiatu Ililala Wapi?

Jajja Afande mpendwa,

Najua barua hii utasomewa na Shangazi barazani kwake Gulu, na huenda ukamuuliza imetoka kwa nani. Asihangaike na jina langu. Akwambie tu ni mjukuu wako, yule kuruta wa Ntinda.

Ulistaafu upolisi kabla sijazaliwa, lakini hakuna aliyetoka nyumbani kwetu asubuhi bila kupita mbele yako. Ulianza na kola, ukashuka kifungo kwa kifungo, ukamalizia na viatu. Vyangu havikukosa udongo mwekundu.

"Hii kiatu ililala wapi?" uliuliza bila kucheka. "Kwa shamba?"

"Hapana, afande," nilijibu, nikarudi kutafuta brashi. Mama naye alinyata nyuma yako, maana hata yeye ulimkagua.

Shuleni mimi si mtu wa maneno. Mapumziko hunikuta maktabani. Lakini siku uliponipigia saluti, nilitembea hadi darasani kama mtu mrefu.

Kisha Alzeima ikaingia, ugonjwa wa kusahau. Ulipoteza majina, ukapoteza njia ya dukani, halafu ukaacha ukaguzi. Ulikaa chumbani ukiutazama ukuta, chakula kikipoa. Nyumbani tuliambiana kwamba hata kukagua umesahau, basi uachwe upumzike.

Asubuhi moja nilikuja kukuaga nikiwa nimekosea kufunga shati, kifungo kimeingia tundu lisilo lake. Ulikiona. Kidole chako kilipanda polepole, kikakigusa, kisha kikashuka.

"Ya nini tena?" ukasema, na machozi yakakutoka.

Nilikaa na maneno hayo mpaka siku ya kliniki, kule Nakasero. Daktari alimuuliza Mama maswali, naye akajibu kwamba umesahau kula, umesahau kukagua. Unajua mimi siongei mbele ya wageni.

"Hajasahau," nikasema. "Ameacha."

Daktari aliweka kalamu chini, akataka nieleze. Nikamsimulia habari ya kifungo. Alisogeza kiti chake karibu nawe, si karibu nasi, akakuuliza kama una huzuni. Ukaitikia kwa kichwa. Sisi sote tuliokupenda hatukuwa tumewahi kukuuliza.

Alitueleza kwamba ugonjwa huu ukiuharibu ubongo unaweza pia kuvuruga homoni na kemikali zinazogusa furaha, usingizi na hamu ya kula. Serotonini ni mojawapo. Nilikuwa nimelisoma jina hilo kwenye kitabu cha baiolojia, nikadhani ni la mtihani tu. Alisema huzuni yako si uvivu wala uzee, na kwamba kusahau kutokuwa na tiba si sababu ya kuiacha huzuni bila tiba. Aliandika dawa ya huzuni, bila kuahidi kwamba itarudisha kumbukumbu, wala hakutuhakikishia kwamba itakufaa. Alituomba pia tukutoe nje uote jua, na tusikunyang'anye kazi yako ya ukaguzi.

Basi tukawa tunajipanga mbele yako kila asubuhi, hata ulipotupita kwa macho kana kwamba sisi ni dirisha. Wiki zikapita. Siku moja mkono wako ukanishika kola.

"Wewe kuruta. Hii kiatu ililala wapi?"

Jikoni, Mama alifunga bomba ili asikie vizuri. Jina langu hukulijua. Sikulihitaji.

Ulihamia Gulu kwa sababu magari ya Ntinda yalikutisha, na kwa Shangazi kuna utulivu. Lakini jana alitupigia simu, akasema umegeukia ukuta tena, uji hutaki, na majirani wanamwambia ndivyo ugonjwa ulivyo. Shangazi, tafadhali usiruke mstari huu: mrudishe Jajja kwa daktari, na umwambie daktari kwamba ana huzuni.

Nami Jajja, nina hamu nawe. Bado nasimama kidogo mlangoni kabla ya kwenda shule, nikiwa nimehakikisha hakuna anayeniona.

Shule zikifungwa nitakuja. Viatu sitavipiga brashi, vitafika na udongo wote wa Ntinda. Ukiviona ukakosa la kusema, nitavivua, nikae kando yako tuutazame ukuta pamoja. Kesho yake nitavivaa, nisimame tena mbele yako.

Mjukuu wako,
Kuruta