Kigoda Kilicholazwa Ubavu

Stafford, Texas, Machi 2019

Wifi yangu Mwanaisha,

Mimi mzima huku kwa mwanangu Rehema, ila jana nimeumbuka. Jirani yake, Bibi Adwoa wa Ghana, alitualika chakula cha sikukuu ya uhuru wao. Sebuleni nikakuta kigoda kimelala ubavu. Mimi na kiherehere changu, nikakisimamisha, nikakifuta kwa ncha ya khanga, nikakaa. Watu wote wakanikodolea macho!

"Mama, inuka, plizi," Rehema akaninong'oneza. Kumbe ni cha marehemu mama yake Bibi Adwoa, na kwao kigoda hulazwa mwenyewe asipokuwepo, asije akakikalia mwingine.

Niliomba radhi mpaka jasho likanitoka. Bibi Adwoa akacheka, akanipakulia wali na maharage. "Hata gavana wa Kiingereza zamani alitaka kukalia kigoda chetu cha dhahabu, kile cha ufalme wetu," akasema. Akanisimulia kuwa wanaume wao waliposita kupigana, mama mmoja wa kifalme alisimama akasema basi wanawake watapigana, na akaongoza vita. Waingereza walimkamata, wakampeleka uhamishoni Shelisheli, kwenye bahari ile ile ya kwetu, akafia huko. Lakini kigoda hawakukipata.

Wifi, mwanamke yule sijaacha kumuwaza. Nakupenda sana, na wanangu wabusu wote. Ila kile kigoda cha marehemu mama pale jikoni, tafuta kingine cha kukalia. Hicho kilaze ubavu.

Wifi yako,
Saida