Kabati la Nzilani Lililopungua Inchi Tano

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, eneo la Ruiru, Alhamisi tarehe 11 Desemba 1997, kuanzia saa saba na dakika kumi mchana.

Jina: Kaleli Mbaluka
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi wa kurekebisha fanicha kuukuu
Makao: Landless, Thika

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Polisi hawakuniita, nimekuja mwenyewe.

Kazi yangu si useremala wa kujivunia. Watu wa Landless hawaniletei mvule. Wananiletea chipboard iliyochoka, meza na makabati ambayo ganda la juu limebanduka na kona zimeliwa. Nabandua kilichoachia, naziba mashimo kwa vumbi la mbao na gundi, napiga msasa polepole, napaka rangi, kisha nachora mistari kwa kitana ili mtu aone ni mbao. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa na mgongo hunikumbusha kila asubuhi.

Mnamo tarehe 3 Novemba 1997, mwendo wa saa nne asubuhi, Nzilani, mjane wa Urbanus, aliniletea kabati la nguo la chipboard. Wakati huo alikuwa akiishi ploti moja na Makau, mlalamishi katika jambo hili, nyuma ya karakana yangu. Aliniambia anahamia Ruiru, amepata kazi ya kuchambua kahawa, na hataki kuingia kwa watu wapya na kabati linalomwaga unga. Nililipima mbele yake. Lilikuwa futi sita. Alisema marehemu ndiye aliyelinunua na risiti bado anayo.

Mnamo Jumamosi tarehe 15 Novemba niliona rangi haikauki ndani kwa sababu ya unyevu. Mvua za El Nino zilikuwa zimetulia kidogo na jua limetoka. Saa tatu asubuhi nililitoa nje, nikalisimamisha juu ya udongo, nikaenda Ngoliba kumwona dada yangu, nikijua nitarudi saa tisa. Mvua ilirudi kabla yangu. Maji yalikata barabara, nikafika Landless Jumatatu saa tano.

Chipboard ni vumbi la mbao lililobanwa kwa gundi, na adui yake ni maji. Chini ya kabati palikuwa pamefura kama mandazi, ukigusa panamegeka. Fundi wa haki angemwita mwenye mali aje ajionee. Mimi nilichukua msumeno. Nilikata inchi tano kwa chini pande zote, nikafupisha milango, nikatia ubao mpya wa chini, nikapaka rangi upya. Ilikuwa kazi safi. Nasema hivyo kwa aibu.

Mnamo Jumamosi tarehe 29 Novemba, saa sita mchana, tulilileta Ruiru kwa pikapu nikaliunganisha chumbani mwake. Akaanza kutundika nguo. Koti la marehemu, lile refu alilokuwa akivaa kwenye ulinzi, likakunjika chini.

Akaniuliza, "Fundi, mbona hii koti inagusa chini? Kule haikuwa inagusa."

Nikamwambia, "Mama Muoki, koti ikikaa sana imetundikwa huvutika."

"Na kabati? Naiona kama fupi."

"Ni macho tu. Siling ya huku iko juu."

Aliitazama dari, akasema kumbe, akaenda kunichemshia chai. Niliinywa. Kila fundi ana uongo wake, na ule wa kawaida ni "njoo Ijumaa". Huo haujawahi kumlaza mtu ndani ya seli.

Siku hizo hizo, kama nilivyosikia baadaye, nyumba ya Makau ilivunjwa na wezi na kabati lake la nguo likachukuliwa. Sikuwaza kwamba jambo hilo linanihusu.

Leo tarehe 11 Desemba, saa mbili asubuhi, alinijia mama anayeitwa Jentrix, jirani ya Nzilani hapa Ruiru. Alinieleza kwamba Jumanne Makau alipita kumsalimia Nzilani, akaliona kabati lenye rangi mpya, akadhani ni lake, akaita polisi. Lake lililoibwa lilikuwa kama futi tano na nusu. Polisi walipopima hili walipata futi tano na inchi saba, na risiti ya Nzilani inasema futi sita. Wakaona risiti ni ya kabati lingine, na hili ni la Makau limepakwa rangi ili lisijulikane. Nzilani yuko ndani tangu siku hiyo. Mtoto wake, Muoki, analala kwa Jentrix. Msimamizi wa kahawa amesema asipoonekana kesho, nafasi ni ya mwingine.

Jentrix akasema, "Ametuma nikuambie ukuje useme ni wewe ulipaka hiyo rangi. Hiyo tu."

Nikamuuliza, "Na urefu, aliwaambia nini?"

"Aliwaambia kabati haijapungua, ni siling iko juu. Na ati koti inavutika. Afande alicheka mpaka akaita wenzake waskie."

Niliketi juu ya mkebe wa rangi. Nimeona mengi katika miaka hamsini na minne, lakini aibu kama hiyo sijaiona. Mama wa watu alikuwa akijitetea kwa maneno yangu, na alikuwa akiyaamini.

Makau si mtu mbaya. Ameibiwa kweli na kabati lake bado halijaonekana. Kilichomkosesha ni msumeno wangu.

Nimekuja na vipande viwili nilivyovikata. Kwenye kimoja msumeno ulipita katikati ya tundu la skrubu. Nusu ya tundu iko hapa, na nusu nyingine iko kabatini upande wa ndani, ambako sikupaka rangi. Mkalinganishe.

Sikutishwa wala kuahidiwa kitu. Kama kuna wa kushtakiwa, ni mimi. Nimesomewa niliyoyasema na sina nililobakisha safari hii.

Sahihi: K. Mbaluka

MAANDISHI YA AFISA: Vipande vililinganishwa na kabati saa tisa mchana. Tundu la skrubu lilikutana sawasawa, na mlalamishi ameridhika. Mshukiwa aliachiliwa saa kumi na dakika ishirini. Alipomkuta shahidi kwenye benchi, alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kuacha kazi na kuja kumtetea, akamwombea baraka. Shahidi aliniomba nimsomee mama huyo maelezo haya, kwani yeye ameshindwa kumwambia. Nimemsomea hadi mwisho.

Konstebo Saida