Ulimi wa Kambo

Siku ya ine, kisha kula

Hii sijaambia muntu hata mumoja: tangu juma mbili, kambo yangu, mama ya mama, akitoka mu jikoni, minaongeza maji mu sombe yake, ile mboga ya majani ya muhogo. Anatia chumvi mara mbili. Ulimi wake hauisikie tena.

Mwalimu wa biolojia alitwambia kama muntu akizeeka, ulimi unapoteza nguvu ya kuonja. Niliandika tu mu kaye yangu ya masomo. Sikuwaza ni habari ya nyumba yetu.

Mama akijua, atamunyanganya mwiko. Na kambo bila kupika, atakaa siku muzima anaangalia ukuta...

Leo miguu yangu imenichongea. Imerefuka sana mwaka huu, ubongo haujaizoea. Nimegonga mbabula, jiko ya makala, kikombe kikaanguka, maji yote chini. Kambo akarudi mbio.

"Weye! Miguu ni ya mukubwa, kichwa kingali kinatambaa?" Kisha akaona kikombe. "Ulitaka kutia maji mu sombe yangu?"

"Chumvi iko mingi, Kambo. Kila siku."

Akaangalia mwiko wake. Nilizani atalia.

"Njo maana bote banaisifu!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi, kuanzia leo mi nitapika, weye utaonja. Mama yako asijue."

Sasa hivi namusikia mama mu salon ya nyumba: "Mama, sombe ya leo ilikuwa muzuri sana. Nani alikusaidia?"

"Nisaidiwe na nani? Mikono yangu peke yake!"

Mama hakuamini. Nyayo zinakuja ku mulango wangu, acha nifiche hii kara—