Kuku Aliyeshtakiwa Uzinzi Endebess

Mama Wafula wangu,

Mvua ya huku hainipi nafasi, lakini mimi mzima. Ghala ninalojenga ni la mzee mmoja wa kanisa. Ana jogoo na kuku wenye miguu mifupi mpaka matumbo yanafagia uwanja. Nilipofika tu, kuku aliangua vifaranga, na watatu wakatoka na miguu mirefu kama korongo! Mzee akaita kikao, akamsimamisha kuku juu ya meza.

"Sema ukweri! Jogoo ya jirani ilikuja hapa, ama?"

Kuku akajibu kwa kunya.

Basi akafungiwa bandani na jogoo wake peke yao, ufunguo ukakaa shingoni mwa mzee. Akataga, akaatamia, na juzi akaangua. Mayai matatu yalikufa, sita yakatoa wafupi, na matatu yakatoa warefu tena!

Bwana mifugo kutoka Kitale alicheka sana. "Mzee, mfupa hupangwa ndani ya yai. Hawa wafupi wawili wamebeba miguu ya mababu warefu, ni vile tu haionekani."

Mzee akamwomba kuku msamaha mbele ya watu wote.

Mimi nikamkumbuka Wafula, wa miaka minane na tayari ananifikia kwapani, na lile swali nililokuuliza siku ya kuondoka. Nisamehe. Nimetumia kadi isiyo na bahasha makusudi, ili karani wa posta aisome kwa sauti mpaka mama yangu, aliyenitia shaka ile, asikie.

Mpake Wafula mafuta kwenye hiyo miguu. Ni ya kwetu.

Wako mfupi,
Baba Wafula