Difu ya Nyuma

Eldoret
8 Februari 1998

Kwa Mwalimu Munyao,

Pokea salamu zangu, Baba, kutoka huku kwenye baridi. Mama mmoja wa Jericho alipita hapa akaniambia miguu yako imevimba. Natumai imepungua na unalala vizuri. Mimi ni mzima. Bado niko kwenye duka la mbegu, napima mahindi na kubeba magunia.

Nakuandikia kwa jambo dogo. Kuna daktari hapa, Wamalwa, amerudi kutoka masomoni ng'ambo na gari la nitro, gari la kuchezea linalotumia mafuta makali, kama yale mliyokuwa mkishindanisha wewe na baba yangu mzazi nyuma ya soko la Jericho. Ni kubwa kama mwanambuzi, linaongozwa kwa rimoti, na likiwashwa linanguruma kama pikipiki iliyoudhiwa. Aliniona nikilitazama kwa muda mrefu kuliko mtu wa mbegu anavyopaswa. Sasa anataka nimchagulie ekzosi ya kuliongezea nguvu, na difu zisizovunjika, zile gia zinazogawia magurudumu nguvu. Nikamwambia sishiki vyuma. Akacheka: "Kwani vina moto?"

Sikumweleza. Wewe ulikuwepo siku Baba aliponinyang'anya nyundo ya babu mbele ya watu wote na kusema mkono wangu usishike chuma tena. Babu alikuwa mhunzi, na baba yake pia. Kwetu, mhunzi akitamka neno akiwa ameinua nyundo, hatanii. Kanisani nasema siamini. Kisha naona spana, na mkono unarudi mfukoni wenyewe.

Lakini mdomo haukulaaniwa. Niambie achague nini, nami nimwambie.

Usimjulishe Baba kwamba nimeandika.

Mwanao,
Owen


Buruburu
21 Februari 1998

Mpendwa mwanangu Owen,

Barua yako imenifikia kitandani, mahali ninapofikiwa na kila kitu siku hizi. Nashukuru kusikia u mzima. Mimi nakwenda nikipungua. Miguu ni kama ya mtu mwingine, na moyo unachoka kabla sijafanya lolote. Daktari ameacha kusema "ukipona". Sasa anasema "ukijisikia vizuri". Kasiva, binti ya dada yangu, ananipikia uji. Baba yako huja kila Jumapili baada ya ibada kuninyoa ndevu. Hamruhusu kinyozi aniguse. "Mwalimu," ananiambia, "tulia, ama nikutoe sikio, halafu utasikiza mahubiri upande mmoja."

Sasa mwambie huyo daktari hivi. Ekzosi ya gari la nitro si bomba la kutoa moshi tu. Tumbo lake linarudisha mgandamizo kwenye injini kwa wakati wake, na wakati huo unategemea urefu wa shingo. Shingo fupi inafaa mbio za mwisho, injini ikiwa tayari imepanda. Shingo ndefu inavuta tangu chini. Gari zito kwenye vumbi na matuta linahitaji shingo ndefu. Asichague kwa kelele wala kwa mng'aro.

Tena, na hili lisisitize: asifunge ekzosi mpya kabla ya kubadilisha difu. Zile zinazokuja na gari zina gia za chuma laini cha kumimina. Gari likiruka tuta, magurudumu yanazunguka hewani kwa kasi. Yakigusa chini yanasimamishwa ghafla, na pigo lote linaingia kwenye meno ya difu, hasa ile ya nyuma. Anunue zenye gia za chuma kigumu, mbele na nyuma, azijaze mafuta mazito, apange washa nyembamba, vile visahani vya kuziba nafasi, mpaka meno yakumbatiane lakini yazunguke kwa kidole.

Nguvu kwanza na uimara baadaye ni kosa la mtu mwenye haraka. Au la mtu mbaya zaidi ya huyo.

Nimechoka. Mungu akulinde.

Baba yako,
Munyao


Eldoret
15 Machi 1998

Kwa Mwalimu,

Salamu, Baba, na pole kwa maumivu. Nilicheka kusoma habari za sikio. Ni yeye kabisa.

Daktari hakusikia. Ekzosi ilifika kabla ya difu, naye hakuweza kungoja. Akaifunga Jumamosi, Jumapili akalirusha gari juu ya tuta nyuma ya hospitali. Likatua, likalia kama mtu anayetafuna mchanga, likasimama huku injini ikinguruma.

Daktari akalileta dukani. Akaliweka kwenye mizani ya mahindi, akaniwekea bisibisi kando, akatoka kwenda kununua soda. Nadhani alifanya makusudi. Nilikaa. Kisha nikaichukua. Nilifungua difu ya nyuma, nikaangusha skrubu mbili kwenye maharagwe. Nyundo sikuishika, wala singeishika.

Baba, washa zilikuwa zimepangwa na kiwanda. Meno yalikuwa yamekumbatiana sawasawa. Hata hivyo gia zilinyolewa upande mmoja tu, kama jino la mtoto aliyekula miwa mingi. Niliwahi kuona gia zilizonyolewa vile mara moja tu maishani, nawe uliziona siku hiyo hiyo. Baba alikupa ile difu mkononi akakuuliza, "Mwalimu, tazama. Ni chuma au ni mkono wa kijana?" Ukaigeuza, ukaipeleka kwenye mwanga, ukasema, "Nafasi ya meno ilikuwa kubwa," yaani mimi niliyepanga washa ndiye niliyekosea. Ndipo akainua nyundo.

Huu ni mwaka wa nne najiuliza nilikosea wapi. Nilizipanga zile washa mara tatu. Nilizipima kwa karatasi ya sigara kama ulivyonifundisha.

Niambie tu. Ulikuwa mkono wangu?

Mwanao,
Owen


Buruburu
30 Mei 1998

Owen, mwanangu,

Nakusalimu, ingawa najua umengoja salamu hii kwa muda mrefu. Usiniulize hali. Barua yako imekaa chini ya godoro langu tangu Machi, na kila Jumapili baba yako ameketi juu yake akinipaka povu.

Haukuwa mkono wako.

Nitaandika yote mara moja, maana nikipumzika nitatafuta maneno mazuri, na maneno mazuri ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Mwaka ule binti yangu Shirleen, yule muuguzi wa Uingereza, alinitumia mzigo kwa mkono wa mtu: difu mbili za chuma kigumu na ekzosi moja. Kwenye simu aliniambia, "Baba, difu moja ni yako na moja ya Baba Owen, mfunge nyuma. Ekzosi ni yako." Baba yako alikuwa amenishinda mara mbili mfululizo pale uwanjani. Nilikuwa nimestaafu. Shule imenisahau, mke wangu amekufa, na hata watoto waliokuja kutazama walikuwa wakiita mashindano yale "mbio za Chege", kwa jina la baba yako. Mimi ndiye niliyemwonyesha gari la nitro la kwanza. Leo nikiandika naona upuuzi mtupu: wazee wawili na vitu vya kuchezea. Wakati ule haukuwa upuuzi. Nilikuwa silali.

Nilifunga difu zote mbili kwenye gari langu, mbele na nyuma. Na ile ekzosi nikampelekea baba yako. Nikasema, "Shirleen amekukumbuka." Alifurahi hadi akaliombea jina la mwanangu kanisani, nami nimekaa safu ya pili nikiitikia amina. Nilijua itakachofanya. Nilifundisha kazi ya chuma maisha yangu yote. Nilijua kwamba ekzosi ile, kwenye gari lenye difu laini, ni kama kumpa mtu farasi na kumfungia tandiko kwa uzi. Nilimpa zawadi ili imvunje.

Nilitaka gari lisimame tu, basi. Nilidhani atasema "bahati mbaya," tunywe chai. Sikufikiria kwamba wewe ndiye uliyeifunga difu yake, na lawama ingekuwa yako. Aliponipa ile gia mkononi, nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja: chuma. Ningesema hivyo, angeuliza mbona yangu haikuvunjika, akafungua gari langu. Basi nikasema lile jingine.

Nilipoona nyundo imeinuliwa nilifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Nimejiambia tangu hapo kwamba sisi ni Wakristo, maneno ya wahunzi ni ya zamani. Lakini nimeona ulivyoishi.

Sijui kama nitafika Desemba. Nisamehe ukiweza. Nimekuambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyeumia.

Baba yako, kama bado unaniruhusu,
Munyao


Eldoret
9 Juni 1998

Mzee Munyao,

Natumai hujambo.

Nimesoma. Hukuniambia mimi kwanza kwa sababu niliumia. Uliniambia mimi kwanza kwa sababu niko mbali.

Msamaha wangu hautanisaidia, wala wewe. Mwenye neno ni Baba. Alilitamka akiwa na nyundo, na ni yeye peke yake anayeweza kulirudisha, kwa kunipa nyundo ile ile kwa mkono wake. Hawezi kufanya hivyo akiamini nilimwaibisha kwa uzembe. Nawe ukiondoka bila kumwambia, nani mwingine atamwambia? Mimi? Ataniambia naweka uongo kwenye mdomo wa marehemu.

Mwambie.

Owen


Buruburu
20 Julai 1998

Mwanangu Owen,

Salamu. Nilikasirikia barua yako kwa wiki nzima, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Jumapili nne zilipita. Kila mara nilisema: leo, akimaliza. Na akimaliza anakunja taulo, anatengeneza chai, ananisomea ajali za gazetini, nami nawaza kwamba nikisema, huu ndio mwisho wa taulo na chai. Wewe ulijua. Sikuogopa hasira yake, niliogopa Jumapili bila yeye.

Jana nilisema kabla hajamaliza. Alikuwa amenyoa upande wa kulia, amesafisha wembe, amenishika kidevu ili anigeuze.

Nikasema, "Baba Owen, ile difu ya nyuma ilikuwa chuma."

Akasema, "Difu gani, Mwalimu? Geuka."

Nikamwambia. Difu mbili, ekzosi, simu ya Shirleen, neno nililolisema uwanjani. Sikumwambia kwamba nilikuwa mpweke au kwamba nilikuwa silali. Alibaki amenishika kidevu muda wote. Wembe ulikuwa hapa, chini ya sikio, naye hakuusogeza mbele wala nyuma. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: "Na mimi nikamwombea binti yako?"

Nikasema ndiyo.

Akaufuta wembe. Akaukunja, akautia mfukoni. Kasiva alikuwa mlangoni na chai, alimpita akasema, "Asante, mama, nimeshiba." Hakufunga mlango kwa nguvu. Ingekuwa heri angeufunga kwa nguvu.

Leo Kasiva alitaka kumwita kinyozi wa karibu na kituo anyoe upande uliobaki. Nimekataa. Anasema natisha watu wanaokuja kuniombea. Waache watishike. Hii ndiyo sura yangu.

Sikuandikii tena ila Mungu akitaka. Kalamu imekuwa nzito kuliko jembe. Ulikuwa na mkono mzuri, Owen, kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafunza. Ningeyasema haya uwanjani.

Munyao


Buruburu
2 Agosti 1998

Baba,

Nakuandikia kwenye meza yako ya kulia chakula. Wewe umelala chumba cha pili, nasikia unavyopumua. Kasiva anasema unazinduka asubuhi kidogo na kujua watu, kisha unarudi tena usingizini. Ukizinduka akusomee hii, maana usiku huu narudi Eldoret.

Alhamisi nilitoka ghalani nikamkuta baba yangu mzazi amekaa juu ya gunia la mbegu, amevaa koti lake la kanisa, na kitu kwenye gazeti mapajani. Hakusalimu. Alisema, "Nilikosea mtu." Akaifungua nyundo, akasema yale yanayosemwa, kwa Kikuyu, taratibu, hadi mwisho, wateja wakitazama. Akanishikisha. Nikasimama nayo kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Akasema, "Sasa piga kitu, kwani unaipima uzito?" Nikapiga mkebe wa mafuta ya Kimbo hadi ukawa bapa. Hakuna kilichotokea, Baba. Ni mkebe tu ulikuwa bapa. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia.

Safarini kuja Nairobi hakukutaja. Karibu na Nakuru ndipo aliposema, kama mtu anayezungumza na dirisha, "Nimeacha kazi nusu Buruburu."

Tulipofika ulikuwa umelala. Ule upande wa kushoto ulikuwa umeota kweli. Kasiva hakutia chumvi.  Baba mzazi akavua koti, akaomba maji ya moto, akatoa wembe. Mimi nilishika beseni. Alinyoa polepole kuliko ninavyomfahamu, akikunyoosha ngozi kwa kidole, bila neno, hata lile la sikio. Alipofika chini ya taya ulifumbua macho ukamtazama. Sijui kama unakumbuka. Akasema, "Tulia." Ukayafumba.

Nilipokuwa nikimwaga maji nilimuuliza kama amekusamehe. Alikuwa akikunja taulo. Akasema, "Nani amesema habari ya kusamehe? Ndevu ni ndevu." Kisha akamwambia Kasiva Jumapili ijayo maji yawe na moto zaidi, haya yalikuwa vuguvugu.

Mwanao,
Owen