Tompusi la Pembeni

Groningen, 26 Aprili

Mdogo wangu Tjalling,

Hujambo? Mkeo naye? Mimi mzima kama fahali. Hongera kwa mama yetu kutimiza themanini, tena sikukuu ya Mfalme, ile uliyoniandikia kwamba viti vya kwenye duara la wageni vimeisha. Viti! Mimi, niliyelisha keki mabaharia wa bandari saba, nikose pa kuweka makalio kwa mama yangu mzazi!

Sina kinyongo. Ndiyo maana nimewapelekea matompusi kumi na mawili, zile keki zetu za tabaka, kwa mkono wa dereva: juu sukari ya rangi ya chungwa, katikati kastadi. Barua hii nimeiposti kwa makusudi ichelewe. Kwa hiyo umeshachukua lile la pembeni, lenye sukari nene, kama kawaida yako tangu utotoni. Lile, bwana mdogo, halikuwa na kastadi. Ni haradali tupu. Si zote ni njano? Umeipata!

Kaka yako,
Harmen


Sneek, 30 Aprili

Kaka Harmen,

Salamu. Mimi mzima, na ulimi wangu mzima pia. Mkono niliunyoosha kweli, lakini jirani yetu Aukje akanichapa kofi: "We mlafi! Mwenye siku yake kwanza!" Lile la pembeni akapewa mama.

Akang'ata. Haradali ikamchuruzika kidevuni, machozi yakamtoka. Wageni wakapiga makofi: "Mwoneni bibi, analia kwa furaha!" Akala lote, Harmen. Kisha akauliza, "Kaoka nani?" Nikamwambia.

Kesho yake akaingia jikoni mwenyewe, kwa magoti yale yale mabovu. Kifurushi hiki ni chako.

Mdogo wako,
Tjalling


Groningen, 3 Mei

Tjalling,

Mama hajambo? Tumbo lake je? Kwangu hakuna la kujisifia.

Nimekuta tompusi moja, na karatasi yenye mwandiko wake: "Lote. Kama mimi." Nimelizunguka tangu asubuhi kama paka na maziwa ya moto.

Nimelila lote, hadi makombo. Usiniulize ndani mlikuwa na nini. Machozi yametoka, basi.

Jumamosi nakuja. Kiti msiniwekee. Nitasimama nyuma ya chake.

Mtoto wa mama,
Harmen